Shokapu Mpya za Mwalimu Evodius

Haya yalimpata rafiki yangu Evodius, mwalimu aliyehamishiwa Mzenga, akapanga nyumba akiishi peke yake. Shokapu za nyuma za pikipiki yake kuukuu zilikuwa zimekufa, na kila shimo lilimuumiza kiuno. Jumamosi moja akaenda Kongowe kwa fundi Dulla, akafungiwa mpya.

“Mwanzoni zitakuwa ngumu, mwalimu,” Dulla alimwambia. “Kwa mtu mwepesi kama wewe hazibonyei.”

Kweli, hadi anaiacha lami pale Mlandizi, kiti kilikaa juu. Giza la magharibi lilimkuta porini. Ghafla shokapu zikalia nyiii, kiti kikadidimia. Akasimama, akazima injini, akashuka. Hata mdudu hakusikika. Akakivuta kiti kwa mikono miwili; hakikupanda. Akapanda tena, akaendelea polepole, asithubutu kugeuka nyuma.

Alipofika nyumbani akaegesha, akashuka. Kiti bado kilikuwa chini. Aliniambia hajui kilichomtuma kusema, kwa sauti ndogo:

“Tumefika.”

Shokapu zikalia tena, kiti kikapanda taratibu. Kisha mchanga ukasikika ukikanyagwa, hatua kwa hatua, kuelekea mlangoni kwake.