Fungua Mdomo, Modesta

"Fungua mdomo, Modesta! Unaimba kama umebeba maji kinywani!"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Modesta, mchumba wa huyo huyo mwalimu Anord anayemfokea, akajifunga kitenge vizuri, akatoka kanisani na kushika njia ya mashamba ya kabichi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Simu ikalia. Ujumbe wa Anord: "Kama umepata mwingine sema leo. Keshokutwa tangazo letu la ndoa linasomwa mara ya mwisho. Usiniaibishe."

Kabla hajajibu, mwenyewe huyo nyuma yake, anahema.

"Siku hizi hucheki na mimi. Nikikukaribia unaziba mdomo. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi ni nani huyo?"

Loh, wanaume! Mtu anateseka na kinywa chake, mwenzake anatafuta mwanamume wa kugombana naye. Modesta akaona liwalo na liwe. Akafungua mdomo wote.

Fizi zilikuwa zimevimba, zimefunika nusu ya meno ya mbele.

"Ni dawa," akasema. "Nina kifafa, Anord, tangu nikiwa shule. Dawa imenituliza, muda mrefu sijaanguka, ila ndiyo inayokuza fizi. Niliogopa utaniacha. Sasa umejua, nenda kamwambie mchungaji asisome."

Anord akakaa kwenye tuta la kabichi, akamtazama.

"Leo umemeza?"

"Nini?"

"Dawa, Modesta."

"Nimeacha tangu Jumatatu. Nilitaka fizi zishuke kabla ya harusi."

"Mungu wangu! Uangukie motoni kwa ajili ya picha za harusi? Twende hospitali, sasa hivi!"

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mkali, Zakia.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Nani kakwambia uache dawa?"

Modesta akainama. Daktari akamweleza kwamba dawa ile huwafanyia hivyo baadhi ya watu, lakini kuiacha ghafla ni hatari. Ataanza tena leo, kisha abadilishiwe polepole. Meno yasafishwe, na mswaki asiuonee uvivu. Fizi zikigoma kushuka, zipo njia za kuzipunguza.

"Kwa hiyo sitabaki hivi?"

"Hutabaki hivi. Ila harusini bado zitakuwepo."

"Zije tu," akadakia Anord. "Nazo ni wageni wetu."

Modesta akacheka, akasahau kuziba mdomo. Mzigo wote ukamtoka kifuani.

Jumapili mchungaji akasoma tangazo, akauliza mwenye pingamizi. Hakuna aliyekohoa. Kwaya ikasimama. Modesta akafungua mdomo, na fizi zake zile zile, sauti ikajaa kanisa hadi akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele. Mwalimu Anord alibaki na mikono hewani, amesahau kazi iliyomsimamisha pale.

Wimbo ulipoisha Modesta akamsogelea, akamnong'oneza:

"Funga mdomo, mwalimu. Nzi wataingia."