Pauni Zilizofukiwa Chumvini

Yoramu alikutwa amelala kifudifudi katikati ya maranda ya mbao. Upepo ulikuwa umeyapeperusha maranda yale hadi yakamfunika mgongo, kama mtu aliyetandikiwa shuka na mwenziwe asipigwe na baridi.

Shaushi Matonya, mwenye cheo cha sajini, alisimama kwanza mlangoni. Askari wengine wa boma la Dodoma walikuwa na desturi ya kuingia kwa vishindo na kuanza kupindua vitu. Yeye alipenda kukiacha chumba kitulie.

Karakana ilikuwa ya mabati, jirani na reli mpya ya Wadachi. Nje ilikuwa asubuhi ya kiangazi, mwanga umekuwa mweupe kwa vumbi, na vilima vya upande wa Msalato vilionekana kama vinaelea.

Jeraha lilikuwa moja tu, kisogoni. Nyundo ya mti ya marehemu ilikuwa kando yake, na damu imeikaukia. Hapakuwa na dalili za kupigana. Aliyemuua alikuwa nyuma yake, na Yoramu hakuona vibaya kumpa mgongo.

Karibu na miguu yake kulikuwa na kanda la ukindu lililopasuliwa, na ndani yake mabonge ya chumvi ya Bahi, ya kijivu, yaliyovunjwavunjwa.

"Fundi seremala na mzigo wa chumvi wapi na wapi?" aliuliza Ombasha Hassani, kijana wa Kondoa aliyekuwa msaidizi wake.

"Hawa watu wa Ziwa Nyasa wakianza safari ya kwao hufukia fedha ndani ya chumvi," alisema Matonya. "Mnyang'anyi wa njiani atakuvua nguo, atachukua mbuzi. Chumvi nzito kama jiwe, nani ataibeba?"

"Basi mnyang'anyi huyu alijua."

"Alijua."

Matonya aliokota bonge moja. Lilikuwa na vishimo vya duara, vimepangana kama vyumba vya sega la asali. Fedha zilikuwa zimeng'olewa humo. Chini ya kila kishimo palikuwa na rangi ya kijani, laini, kama ukungu wa ukuta wa kisima.

Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalifunga kwenye leso.

"Umeona nini, Shaushi?"

"Bado sijui. Nimekumbuka mikono ya mama yangu."

Hassani alikuwa amezoea majibu ya namna hiyo.

*

Mtuhumiwa alikuwa amekwisha kupatikana. Filipo, mtu wa kijiji kimoja na marehemu, ndiye aliyekutwa ameketi kando ya maiti alfajiri ile, mikono ina damu. Zaidi ya hayo, watu waliwasikia wakigombana. Bwana Mkubwa wa boma alikuwa ameridhika.

"Gari la moshi la kesho linampeleka Dar es Salaam," alimwambia Matonya bila kuinua kichwa. "Huko kuna hakimu na kuna kamba. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka fedha, Bwana Mkubwa. Muuaji tunaye, fedha hatunazo."

"Una mpaka gari lifike."

Filipo alikuwa amefungwa mnyororo shingoni, ameegemea ukuta wa boma. Alikuwa kijana mrefu, na alikalia vumbi kama mtu aliyeketi ndotoni mwa mtu mwingine.

"Marehemu alikuwa nani yako?"

"Ndugu. Tulikuja kwa miguu pamoja, tangu ziwani."

"Mligombana."

"Tuligombana. Nilitaka tuondoke kabla ya mvua. Yeye kila siku kesho, kesho. Nikamwambia, huyu mwanamke wa Kigogo amekufunga kwa kamba ya ndama."

"Akasema nini?"

"Akasema kamba ya ndama haiumi." Filipo alitaka kucheka, akashindwa. "Ndiyo maneno yetu ya mwisho, Shaushi. Asubuhi nikaenda kumwomba radhi kabla hajaanza kazi. Nikamgeuza uso nione kama anapumua. Nikamrudisha nilivyomkuta."

"Fedha zilikuwa za nani?"

"Zetu sote tuliotoka ziwani. Kwetu wanatawala Waingereza. Rupia ya Mdachi ukiifikisha kule, haikununulii hata kuku. Kwa hiyo Yoramu alikusanya mishahara yetu, akapeleka sokoni kwa Abbasi, mvunja fedha. Anatoa rupia, anapewa pauni za dhahabu. Tuliwaamini."

"Ulimwamini nani, Yoramu au Abbasi?"

"Wote wawili. Abbasi alikuwa akimwita Yoramu mwanangu. Walikuwa wakila sahani moja."

"Askari wamekupekua?"

"Wamenipekua."

"Wameacha nini?"

Filipo alimtazama. Kisha akavua kofia yake, akauma uzi wa pindo, akatoa pauni moja iliyong'aa.

"Yoramu alinipa siku ile ile aliyoitoa kwa Abbasi. Ni ya mama yangu. Nilitaka niibebe mwenyewe."

Matonya aliisugua ile pauni kwenye jiwe la kizingiti, mara moja, kwa nguvu. Dhahabu ilibanduka kama ngozi ya kitunguu. Chini yake palikuwa na shaba.

Filipo aliona. Machozi yalimtoka, yakachora mifereji kwenye vumbi la mashavu.

"Niazime," alisema Matonya.

*

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wameketi chini. Mjane, Loisi, alikuwa amekwisha kunyolewa, na mikono yake ilikuwa mitupu, bangili zote zimevuliwa.

"Mbukwa," alisema Matonya, kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, kaka. Umekuja kuniambia mmepata mtu. Si Filipo."

"Nani amekwambia si yeye?"

"Filipo hugombana kama mvua ya Dodoma. Ngurumo nyingi, maji hakuna."

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa kanga. Matonya aliketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Niambie habari za mzigo wa chumvi."

"Juzi aliufungua atie pauni mpya. Nikamletea ugali, ukapoa. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema, 'Loisi, chumvi yenu ina macho kuliko mimi.'"

"Halafu?"

"Jana akaubeba mzigo wote kwenda karakana. Alisema kuna mtu atamwita jioni aje ajionee, asije akadhani anasingiziwa."

"Mtu gani?"

"Hakusema. Yoramu hakupenda kutaja jina la mtu kwa jambo baya." Alitazama mlangoni kama anayesubiri mtu. "Kaka, kwao hawajui hata kama nipo. Alisema habari kama hiyo haitumwi kwa mdomo wa mtu, ataipeleka mwenyewe. Filipo akinyongwa, hakuna tena mtu duniani aliyetuona tukiwa wawili na anayejua njia ya kijijini kwao."

Matonya alifungua leso, akamwonyesha bonge la chumvi.

Loisi alipitisha kidole kwenye rangi ya kijani. "Hii imelala na shaba," alisema. "Sisi wa Bahi tukienda kuchemsha chumvi tunavua bangili za shaba kwanza."

"Mama yangu naye alivua," alisema Matonya. "Alinipa mimi nimshikie."

*

Wakiwa njiani kuelekea sokoni, Hassani alishindwa kuvumilia.

"Shaushi, nieleze nami."

"Dhahabu hailiwi na chumvi. Shaba huliwa. Pauni zilizokuwa kwenye mzigo zilikuwa za shaba iliyopakwa dhahabu, kama hii ya Filipo. Yoramu aligundua juzi. Jana amekufa, na pauni zimeondolewa moja moja. Sasa niambie, mwizi wa dhahabu ni nani?"

"Mtu yeyote."

"Na mwizi wa shaba iliyoota kijani?"

Hassani alisimama katikati ya njia. Punda wa mtu akampita.

"Yule atakayeumbuka shaba ikionekana," alisema polepole. "Lakini, Shaushi, huenda Abbasi naye hakujua. Huenda alipewa hivyo hivyo."

"Ndiyo maana tunakwenda kuvunja fedha."

Duka la Abbasi lilikuwa na kivuli kizuri na harufu ya buni. Mwenyewe alikuwa mzee wa pwani, kanzu safi, sauti ya upole. Aliwakaribisha, akaomba radhi amalizane kwanza na mteja.

Mteja alikuwa mama muuza karanga, ameleta rupia moja avunjiwe kwa heleri, sarafu ndogo za Wadachi. Abbasi aliidondosha rupia juu ya jiwe jeusi lililokuwa mbele yake. Ikalia. Aliisikiliza, macho amefumba nusu. Akaiuma. Akaiweka kwenye mizani ndogo.

"Baba, rupia moja tu unaisomea hitima!" alisema yule mama.

"Mama yangu, hata yako, hata ya sultani. Fedha isiyolia jiweni siijui." Akamhesabia heleri zake.

Mama alipoondoka, Matonya alitoa ile pauni, akaiweka juu ya jiwe jeusi. Hakuidondosha. Aliilaza taratibu, upande uliosuguliwa ukiwa chini.

"Nivunjie na mimi, mzee."

Abbasi aliitazama. Mkono wake haukunyanyuka.

"Leo sivunji pauni, Shaushi. Rupia zimeniishia."

"Kasha lako liko wazi. Naziona."

"Zina wenyewe."

"Basi nipimie tu, nijue kama ni nzima."

"Hiyo..." Abbasi alilamba midomo. "Hiyo haina haja."

"Rupia ya muuza karanga umeipiga jiweni, umeiuma, umeipima. Hii hujaigusa. Umejuaje kwamba haina haja?"

Nje nzi walikuwa wakivuma juu ya sukari guru. Abbasi alikaa vile vile, kichwa ameinamisha kidogo, kama anasikiliza sauti ya sarafu iliyodondoka zamani na bado haijanyamaza.

"Jana jioni ulikuwa karakana," alisema Matonya.

"Aliniita."

"Akakuonyesha chumvi."

"Akanionyesha."

"Pauni ziko wapi?"

Mzee alinyoosha kidole. Hassani akasogeza gunia la karanga, akavuta kifuko. Alipokimimina kwenye mkeka, pauni zilianguka bila mlio wa maana, za kijani, kama majani yaliyookotwa.

"Sikuzitengeneza mimi," alisema Abbasi. "Wallahi sikuzitengeneza. Alikuja Mzungu mmoja, msimamizi wa madaraja, anarudi kwao. Anataka rupia alipe watu wake, na pauni anazo mfuko mzima. Akanipa kwa bei nafuu. Nikampa mtaji wangu wote."

"Hukuzipiga jiweni?"

"Fedha ya Mzungu, ameketi mbele yangu, bunduki iko mapajani, niipige jiweni? Ungeipiga wewe, Shaushi?"

Matonya aliigeuza ile pauni juu ya jiwe, shaba ikawa juu.

"Nilizipiga alipokwisha kupanda gari la moshi. Ndipo nikajua. Nikakaa na mfuko ule siku nyingi. Kila mtu mwingine angezipima. Yoramu hakuwa akipima. Kwa heshima, alisema. 'Unaniita mwanao, kisha nikupimie?'"

"Kwa hiyo ukampa yeye."

"Nilijua wataondoka. Nilijiambia, zikifika mbali, zitakuwa mbali."

"Kwa nini ulimuua?"

"Nilimwambia nitalipa polepole. Akakubali. Sikia, Shaushi, akakubali! Nikamwomba jambo moja tu. Awaambie wenzake kwamba fedha zimeibwa. Akasema hapana. Hataki boma, hataki kesi, lakini atawakusanya wenzake na kuwaambia kama ilivyokuwa, kwa sababu mama zao wanangoja. Mimi ni mgeni hapa kama yeye. Sina shamba, sina ng'ombe. Huyu anakuja na mshahara wake, yule anakuja na wake, kwa sababu ya jina Abbasi. Likifa jina, mimi nitakula nini, nitakwenda wapi? Angenitukana, ningemshika miguu. Hakunitukana. Aliniambia, 'Pole, baba.' Kisha akainama kukusanya maranda, anifanyie mahali pa kukaa. Nyundo ilikuwa pale."

Hassani aligeuza uso.

"Na Filipo?" aliuliza Matonya. "Kesho angekwenda kwenye kamba."

"Nilijiambia hawatamnyonga."

"Ulijiambia."

"Ndiyo." Mzee alianza kulia bila sauti. "Nilikuwa nikijiambia tangu asubuhi."

*

Siku ya pili, moshi ulionekana upande wa Ihumwa, na gari la moshi likaingia, likageuzwa, likapakia. Loisi alikuwa amekwisha kufika stesheni. Hakuna aliyemwambia lolote, kwa kuwa mjane hapelekewi habari za boma. Alikuwa amebeba mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, ampe Filipo njiani.

Aliona askari wakimpandisha mfungwa mmoja mzee, kanzu imechafuka. Alitazama nyuma yake. Hapakuwa na wa pili.

Gari lilipoondoka, vumbi lilibaki limesimama hewani, na ndani ya vumbi lile mtu mrefu alikuwa akija kwa miguu, anajipapasa shingo.

Filipo alichukua muhogo, akaushika bila kuula.

"Nitaondoka kabla ya mvua," alisema. "Fedha hazipo. Shemeji, nikifika kule, mama yake atatoka nje mbio. Nimwambie nini?"

Loisi alifikiri. Kilima cha mbali kilikuwa kikitetemeka kwa joto, mara kipo, mara hakipo.

"Mwambie hakufa peke yake ugenini," alisema. "Mwambie alikuwa na mke. Umtajie jina langu."