Vitufe Vilivyofunikwa Utepe

Katika duka lao la kuchapa, mke alichapa na mume alisoma. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu enzi za mashine za kupiga chapa, kabla ya kompyuta. Mke akimaliza ukurasa, mume huvaa miwani na kusoma kwa sauti, akitaja makosa.

"Mwanzo wa mstari, weka herufi kubwa!"

Mke huacha kibodi na kushika kipanya. Hukitafuta kile kimstari kinachomemeta kwenye skrini, hukipeleka kwenye kosa, kisha hurudi kwenye kibodi. Kosa jingine, safari nyingine.

Kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba. Daktari akasema mkono unachoshwa na kurudia jambo lile lile.

Mume akamhurumia. "Tutafute mchapaji kijana. Wewe ukae kaunta, uuze karatasi."

"Sawa," mke alijibu. Lakini moyo ulimuuma kuliko mkono. Kuchapa ndiyo kazi aliyoipenda maisha yake yote.

Siku moja wifi yake, karani wa ofisini, alikuja kutoa nakala. Alipoiona kibodi, akaangua kicheko.

"Wifi, kibodi yako inaumwa? Mbona imefungwa bandeji?"

Kweli, vitufe vya Ctrl, Home na End vilikuwa vimefunikwa utepe.

"Mwalimu wetu wa kompyuta alisema tusiguse tusivyovijua," mke alijitetea. "Nisije nikaharibu kazi ya watu."

"Basi umewafunga kamba wasaidizi wako!" Wifi akabandua utepe. "Haya kaka, soma."

"Mwanzo wa mstari," mume akasema.

"Bonyeza Home."

Mke alibonyeza kwa woga. Kimstari kikaruka hadi mwanzo wa mstari. Hakuna kilichoharibika.

"Mwisho wa mstari!"

"End."

Kikaruka tena.

"Rudi nyuma maneno mawili."

"Shikilia Ctrl, ubonyeze mshale wa kushoto," wifi alieleza. "Kila ukibonyeza, unaruka neno zima. Mshale wa kulia unakupeleka mbele."

"Na nikitaka juu kabisa?"

"Ctrl pamoja na Home, uko mwanzo wa kazi yote. Ctrl na End, uko mwisho wake."

Mke aliwaza safari zote ambazo mkono wake ulisafiri bure. Alitaka kulia, akacheka.

"Kumbe nilikuwa naogopa mlango wa nyumba yangu mwenyewe!"

"Ila vitufe si dawa, wifi. Mkono nao upumzike. Ukichoka simama, unyooshe vidole," wifi alimwonya.

Mwanzoni alisahau sana. Mazoea yana tabu. Akakisogeza kipanya mbali, akajifunza kitufe kimoja kimoja, na kila baada ya kurasa chache akapumzika. Taratibu uvimbe ukapungua.

Asubuhi moja mume aliweka simu chini. "Yule mchapaji kijana niliyempata anauliza aje lini."

Mke hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kuchapa.

"Aje hata leo," alisema. "Kaunta inamsubiri."