Kazi Aliyoachiwa Kai

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Merewai alivaa mabuti yake ya mpira akakimbilia jikoni kwa bibi yake, Bibi Ngaire, kuchanganya maziwa. Aliweka unga wa maziwa kwanza, kisha maji ya moto, kisha ya baridi kidogo, halafu akadondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono. Likichoma, ndama wa kulungu wataungua ulimi. Likiwa baridi, wataharisha.

"Yawe na joto la mwili wako, basi," Bibi alimwambia siku ya kwanza. Bibi Ngaire hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Shamba lao la kulungu liko nje kidogo ya Mossburn, kusini kabisa mwa Nyuzilandi. Kila mwaka, mwezi wa Desemba shule zinapofungwa, ndipo majike wanapozaa kwa wingi. Kulungu ni mnyama mwoga. Jike akishtuliwa wakati wa kuzaa anaweza kumwacha mtoto wake kwenye majani asirudi tena. Mwaka ule walioachwa walikuwa watatu, na Merewai, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikabidhiwa awalee. Aliwaita Asali, Siagi na Biskuti.

"Hayo ni majina ya kifungua kinywa," baba yake alisema.

"Basi ndiyo maana nawaona asubuhi, Baba," Merewai alijibu, na baba yake, Rewi, akacheka.

Wa nne katika banda lile hakuwa kulungu. Alikuwa mtoto wa mbwa wa wiki tisa, mweusi, mwenye miguu ya kahawia na masikio yasiyojua kama yasimame au yalale. Aliitwa Kai, yaani chakula katika Kimaori, kwa sababu siku ya kwanza tu alikula soksi, sabuni na ukingo wa kofia ya Baba. Bibi ndiye aliyeamua alale na ndama. Alisema mbwa wa kuswaga kulungu lazima akue nao tangu angali mdogo, aijue harufu yao na woga wao, ndipo akiwa mkubwa asiwakimbize ovyo. Baba alikubali kwa shingo upande.

"Lakini nisikilizeni nyote," alisema huku amenyoosha kidole. "Siku jino lake litakapogusa kulungu, anarudi kwa mfugaji tuliyemchukua kwake siku hiyo hiyo. Asipogusa, na ndama wakakua vizuri, atakuwa mbwa wako, Merewai."

Merewai hakuwahi kuwa na mbwa wa kwake. Usiku ule alilala akitabasamu.

Kazi ya maziwa aliipenda. Kazi iliyofuata maziwa hakuipenda hata chembe. Ndama wa kulungu aliyezaliwa karibuni hawezi kwenda haja peke yake. Mama yake humlamba chini ya mkia mpaka choo kitoke. Asipokuwa na mama, lazima mtu achovye kitambaa katika maji ya uvuguvugu, amsugue taratibu mahali pale pale, na asubiri. Bibi alikuwa ametundika kadi kwenye mlango wa banda, ina safu ya maziwa na safu ya choo kwa kila ndama. Ukishamlisha unaweka alama. Akishatoa choo unaweka nyingine.

"Usiweke alama kwa kukisia," Bibi alisema. "Weka kwa ulichokiona."

Wiki ya kwanza Merewai alifanya kila kitu, huku ameziba pua kwa bega. Kisha, asubuhi moja, alipogeuka kuchukua kitambaa, alimwona Kai yuko nyuma ya Asali, anamlamba chini ya mkia kwa bidii zote. Asali alisimama kimya, akainua mkia, na choo kikatoka. Kai akahamia kwa Siagi. Mambo yakawa yale yale.

Merewai alikitazama kitambaa, akamtazama Kai.

"We Kai!" alisema kwa furaha. "Umezaliwa kuniokoa."

Tangu siku ile kitambaa kilibaki kwa Biskuti tu. Biskuti alikuwa mdogo kuliko wenzake na alimwogopa mbwa. Kai akimkaribia, alijificha nyuma ya marobota ya nyasi. Kwa siku mbili Merewai alimfuata huko na kumsugua. Siku ya tatu akaja Fergus, mtoto wa jirani mwenye kondoo, juu ya baiskeli.

"Mama wa kulungu!" Fergus aliita kutoka langoni. "Hebu acha kufuta makalio ya watu! Mto una joto leo, twende tukaogelee."

"Mto wetu haujawahi kuwa na joto."

"Basi baridi yake si kali kama ya jana. Unakuja au umekuwa mtoto wa shule ya chekechea?"

Merewai alimtazama Biskuti, ambaye macho yake tu ndiyo yaliyoonekana juu ya robota. Nitamsugua mchana, alijiambia. Aliweka alama zote sita kwenye kadi, akaondoka. Mchana alirudi amechelewa, nywele zinachuruzika maji, akawalisha haraka haraka. Jioni alikuwa amechoka. Alama ya kwanza ya uongo aliiweka huku anatazama nyuma kama kuna mtu. Ya tatu hakutazama. Kesho yake aliziweka huku anapiga mluzi.

Asubuhi ya siku iliyofuata Biskuti alikataa chupa. Alisimama kwenye kona, mgongo umepinda, kichwa chini. Hakumkimbia Kai aliposogea. Merewai alimgusa tumbo na kulikuta limekaza, gumu. Alijua. Alijua kabla hajaambiwa na mtu yeyote. Akageuka mbio kwenda kuchukua maji ya moto na kitambaa.

Hakufika jikoni. Nyuma yake alisikia Biskuti akilia kwa sauti kali, kisha baba yake, aliyekuwa anapita na ndoo, akifoka: "Toka! Toka hapo!"

Merewai aliporudi bandani, Baba alikuwa amemshika Kai kwa ngozi ya shingo. Nyuma ya Biskuti manyoya yalikuwa yamelowa na ngozi imekuwa nyekundu.

"Nimemkuta mdomo uko pale pale," Baba alisema, uso umemjaa hasira na huzuni pamoja. "Amemng'ata mdogo kuliko wote. Nilisema nini mimi?"

"Baba, Kai hakuuma..."

"Nimeona kwa macho yangu, Merewai."

Alimbeba Kai mpaka kwenye gari la mizigo, akamwingiza katika kizimba cha mbwa na kufunga komeo. Kai hakuelewa kosa lake. Alipenyeza pua katikati ya vyuma, akawa analia.

Bibi Ngaire, aliyekuja kwa kelele zile, alipiga magoti kwenye nyasi, akapitisha mikono yake juu ya tumbo la Biskuti. Hakuharakisha. Kisha aliinua macho kuitazama kadi mlangoni.

"Maziwa, sawa. Choo, sawa. Jana mara zote, juzi mara zote." Alikunja uso. "Kama choo kinatoka, kwa nini tumbo liko hivi?"

Baba alimpigia simu daktari wa mifugo, akaweka kipaza sauti ili wote wasikie. Daktari alikuwa mbali, ana ng'ombe anayeshindwa kuzaa. Aliuliza maswali machache, kila moja likiwa na jibu lake, mpaka akafika kwenye lile ambalo Merewai alilisubiri kwa hofu.

"Anapata choo?"

"Anapata," Bibi alijibu. "Kadi inasema hivyo, na kadi inajazwa na mjukuu wangu."

Daktari aliiamini kadi. "Basi, Mama Ngaire, itakuwa utumbo umejisokota. Labda ni kwa mshtuko wa mbwa. Kwa ndama mdogo hivyo hakuna tutakachofanya. Nisingependa ateseke mpaka nifike huko mchana. Rewi anajua la kufanya."

Baba alizima simu. Alisugua uso wake kwa viganja viwili, kisha akasema polepole, "Merewai, nenda nyumbani."

Merewai hakwenda. Alisimama mlangoni. Aliona wazi mambo mawili. Akinyamaza, Biskuti atakufa leo na Kai ataondoka leo, na hakuna atakayejua kamwe. Akisema, Bibi hatamwamini tena. Alipenda kuaminiwa na Bibi kuliko kitu chochote. Alimsikia Kai akilia garini, na Biskuti akihema kwa shida kwenye nyasi. Wawili wale hawakuwa na mtu mwingine wa kuwasemea.

"Kadi ni ya uongo," alisema.

Baba aligeuka. Bibi hakugeuka, lakini mikono yake ilisimama.

"Sikumsugua. Tangu juzi asubuhi sijamsugua hata mara moja. Niliweka alama tu." Machozi yalianza kumtoka. "Wale wawili Kai ndiye anayewalamba, nikamwachia kazi. Biskuti anamwogopa Kai. Nilisema nitamsugua baadaye, nikaenda mtoni, nikasahau, halafu nikaona aibu. Baba, Kai hakuuma. Alikuwa anamlamba."

Merewai alisubiri kukemewa, lakini Bibi hakuwa na muda wa kukemea.

"Rewi, maji ya uvuguvugu, ndoo nzima. Mafuta ya kupikia yako juu ya kabati. Kimbia!" Kisha akamwonyesha Merewai nyasi mbele yake. "Wewe kaa hapa. Wewe ndiye utakayefanya, si mimi."

Bibi alimshikilia Biskuti kifuani. Merewai alichovya kitambaa, akapaka mafuta, akaanza kusugua taratibu, kwa mizunguko midogo, kama ulimi wa mama. Hakuziba pua. Dakika tano zikapita. Kumi. Kitambaa kilipopoa alichovya tena. Bibi alikuwa anasugua tumbo kwa kiganja, akinong'ona maneno ya Kimaori aliyokuwa akiwanong'oneza wajukuu wake wakiwa wagonjwa. Baba alisimama juu yao, kofia mkononi.

"Hakuna kitu," Merewai alisema.

"Endelea."

"Bibi, kama amekwisha..."

"Mtu aliyekwisha hatoi pumzi ya moto hivi kwenye shingo yangu. Endelea, mwanangu."

Ghafla Biskuti aliinua mkia. Alikaza miguu yote minne, akalia mara moja, na kijiwe kidogo cheusi, kigumu, kikaangukia kwenye nyasi. Kikafuata cha pili. Kisha yakaja mengine yote ya siku mbili na zaidi, laini, ya manjano, yenye harufu ya kutoa machozi, na yakaishia juu ya magoti, mikono na shati la Merewai.

"Ametoa!" Merewai alipiga kelele. "Baba, ametoa! Tazama!"

"Naona," Baba alisema, amerudi nyuma hatua tatu. "Na nanusa."

Bibi Ngaire alianza kucheka, mabega yanatikisika, na Baba naye akashindwa kujizuia. Merewai alicheka na kulia kwa pamoja, amejaa uchafu mpaka kwenye viwiko, na hakuwahi kufurahi hivyo maishani mwake. Tumbo la Biskuti lilikuwa limelegea. Baada ya muda alijipinda, akaanza kunusa chupa iliyokuwa kando.

Bibi aliosha sehemu iliyokuwa nyekundu, akaitazama kwa makini kutoka kila upande. "Hakuna alama ya jino. Ngozi imekwaruzwa kwa kulambwa tu. Rewi, nenda ukamtoe mbwa. Alimwona mwenzake anaumwa, akajaribu kufanya kazi ambayo mwenye kazi aliikimbia."

Baba alikwenda garini. Alirudi amembeba Kai kama mtoto mchanga, na Kai, ambaye hakuwa na kinyongo na mtu, alikuwa anamlamba kidevu.

"Samahani, mzee," Baba alimwambia mbwa. "Nilihukumu kabla ya kusikiliza." Kisha akampigia daktari simu na kumwambia asihangaike kuja.

Merewai alisimama. "Bibi, nisamehe. Najua Kai hawezi kuwa wangu sasa."

Bibi alimwashiria akae tena kwenye robota, naye akakaa karibu yake, hakujali shati lile.

"Kai hajavunja sharti. Hajagusa kulungu kwa jino, basi atakuwa wako kama baba yako alivyosema," alisema. "Lakini wewe nakudai kitu. Kuanzia leo utawasugua wote watatu kwa mkono wako, huku Kai akikutazama, mpaka siku watakapokula majani wenyewe. Na mto utausikia kwa Fergus."

"Ndiyo, Bibi."

"Kazi ikikushinda, njoo useme. Hakuna mtu katika nyumba hii ambaye hajawahi kuchoka. Kuchoka kwako siko kulikomuumiza Biskuti, kwa sababu ungeniambia jioni ile ile ningemsugua mimi, tukalala. Kilichokaribia kumuua ni ile alama. Mimi nina miaka hamsini ya kulungu, baba yako ana thelathini, daktari amesoma vitabu, na alama moja ya uongo ilitufanya sote watatu vipofu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo kifo kilikuwa kimeshafika mlangoni, na wewe ukasema kabla hakijaingia. Ulikuwa unaogopa?"

"Sana."

"Niliona. Ulisema hivyo hivyo unaogopa, na kwa hiyo bado nakuamini." Bibi alinyanyuka kwa kushika bega la mjukuu wake. "Mnyama hana mdomo wa kusema. Sisi wenye mdomo tukisema uongo, nani atamsemea? Haya, inuka ukawasugue Asali na Siagi. Ndipo ukaoge, maana unanuka kuliko wote humu ndani."