Fyuzi Mfukoni

Jua lilikuwa linazama fundi spika alipoibeba ampli, mashine ya kukuza sauti ya gitaa, begani kuirudisha kwa bendi. Safari yenyewe haikuwa ya ampli. Alimfuata mdogo wake wa kike, mpiga gitaa la besi, ambaye alikuwa hajaonekana nyumbani siku ya tatu sasa. Mama yao, kiziwi asiyesikia hata radi, alikuwa amemwonyesha mlango kwa kidole: mlete.

Fundi hakuiamini bendi ile hata chembe. Kabla ya kutoka, aliing'oa fyuzi ya ampli akaitia mfukoni. Bila fyuzi haitawaka, na wakishindwa kupiga, binti atawachoka mwenyewe.

Chumba cha mazoezi kilinuka waya ulioungua. Watu watatu waliketi humo, mdogo wake mmoja wao, na hata salamu hawakuitikia. Fundi akachomeka ampli, akangoja igome.

Du... du... duuu...

Ulikuwa muziki wa metali nzito, wa kujivuta, wenye mdundo mtamu wa kumshika mtu kiunoni. Fundi akaweka kiganja kwenye spika, kama afanyavyo kila siku kazini.

Spika haikutikisika.

Akapapasa mfuko. Fyuzi ilikuwemo.

Na bado kichwa chake kilikuwa kikitikisika kufuata mdundo. Ulimpendeza kuliko muziki wowote aliowahi kuusikia, na hapo ndipo alipoogopa kwelikweli.

Akamtazama mdogo wake. Mikono ya binti ilikuwa imelala mapajani. Gitaa lake liliegemea ukutani.

"Nani anapiga?" fundi alinong'ona.

"Sijui, kaka. Sisi tuliacha juzi."

"Sasa mbona hutoki?"

"Nasubiri muziki uishe..."

Mpiga ngoma akainua uso. "Wote tunasubiri," alisema.

Fundi akamkamata binti mkono, akamburuta hadi nje. Barabarani kulikuwa kimya. Alishusha pumzi. Kisha akausikia mshipa wa mdogo wake ukipiga chini ya vidole vyake.

Du... du... duuu...

Ni hofu tu, alijiambia, wala hakuamini.

Nyumbani, mama alimpokea binti yake kwa machozi, akamkumbatia kifua kwa kifua, asitake kumwachia. Fundi alifurahi.

Ndipo akauona mguu wa mama. Ulikuwa ukigonga sakafu, polepole.

"Mama?" aliita, kwa kusahau kuwa hasikii.

Mama akageuka. Akaweka kidole mdomoni, kumwomba anyamaze ili asikie vizuri.