Udongo wa Nyumba ya Zamani

Zéphirin alifyatua matofali ya nyumba za wenzake mwaka mzima kabla ya kupewa nyumba yake. Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, ilikuwa imepima mji mpya nje ya Kasongo, mwendo wa saa moja kwa miguu. Ulipimwa kwa kamba. Barabara zilinyooka, nyumba zilinyooka, hata vyoo vya nyuma vilipangwa mstari mmoja. Wakubwa walipita wakiusifu. Wanawake hawakuusifu sana, maana bomba la maji lilikuwa moja tu, tena chini ya kilima.

Zéphirin, ambaye mwaka ule alirudi kijijini mara mojamoja tu, sasa alihamia huko na mkewe Sidonie, mwenye mimba ya miezi minne, na mama yake, Mama Léontine. Walitembea siku nne kutoka kijijini kwao, upande wa Kabambare. Mama Léontine alibeba kikapu kizito, akakataa kusaidiwa. Ndani mlikuwa na udongo wa sakafu ya nyumba yao ya zamani. Kwao, mwenye kuhama huchukua udongo wa mahali alipolala, akaushindilia katika nyumba mpya, ili nyumba isimwone mgeni. Alifika amechoka hoi, lakini aliushindilia siku ileile. Juu yake wakatandika mikeka, kwani vitanda hawakuwa navyo.

Baada ya majuma mawili Sidonie alishikwa na homa kali. Ilimtesa siku tatu, ikaondoka. Ikarudi. Ikaondoka tena, ikarudi tena. Sidonie aliogopa, wala si kwa ajili ya nafsi yake. Mimba yake ya kwanza iliharibika kijijini kwa homa kama hiyo, na Mama Léontine alisema mbele ya watu kwamba tumbo la mkwe wake halishiki mtoto. Sasa Sidonie alichoka kuumwa, akachoka kupona, akachoka kutazamwa tumbo kila asubuhi.

Jirani yao Faradji alifanya kazi katika dispensari. Aliwapeleka huko. Damu ya Sidonie ikaangaliwa kwa darubini, akachomwa sindano. Wakaambiwa ni homa ya kimputu, kupe anayekaa ardhini.

Faradji hakuridhika. Nyumba ilikuwa mpya, kupe alitoka wapi? Alikuja kwao, akainua mikeka, akachokoa sakafu kwa kijiti. Akatoa wadudu watano, bapa, wa rangi ya vumbi. Akauliza udongo ule ulitoka wapi, na Mama Léontine akamweleza habari ya kikapu bila kuficha.

“Mama, kimputu iko anakaa ndani ya vumbi,” Faradji alisema polepole. “Mutu akilala, anatoka, anakunywa damu, anarudi kujificha. Anaweza kukaa miaka bila kula. Huyu mulimubeba ninyi wenyewe.”

“Kule kwetu pia alikuwa anatuuma?”

“Ndiyo, mama. Na mwanamuke wa mimba, ile homa inamuharibia mutoto.”

Mama Léontine akaanza kukunja mikeka.

Faradji aliwaeleza la kufanya. Wachimbe sakafu kina cha mkono na kuuchoma udongo pamoja na mikeka. Washindilie udongo mwingine, mbichi, wa kichuguu. Wazibe kila ufa ukutani. Wasilale chini tena, bali juu ya kitanda chenye miguu mirefu, kisichogusa ukuta.

Zéphirin alirudi kutoka kwenye matofali, mikono imekufa ganzi, akakuta mama yake ameanza kuchimba peke yake. Juu ya udongo ule alikuwa amezaa watoto saba. Kuutupa motoni kulimuuma sana, na machozi yalimtoka waziwazi. Hata hivyo alichimba mpaka mwisho. Kazi ilichukua siku tatu.

Homa haikurudi. Kila juma walifagia na kukagua nyufa, na majirani waliotoka vijijini na vikapu vyao wakaja kumuuliza Faradji. Miezi ilipotimia, Sidonie alizaa msichana, mzima, mwenye sauti kubwa.

Mama Léontine alimwosha mtoto, akamfunga nguo, akasimama naye kando ya kitanda.

“Ile mimba ya kwanza, nilisema ni wewe,” alisema. “Ilikuwa nyumba yangu. Unisamehe, mwanangu.”

Sidonie alisogea ukingoni, akampa mama mkwe nafasi ya kukaa.