Kuku Mweupe wa Bwana Mahmud

Tangazo kwa wakazi wote wa Pumwani, wa Nairobi na wa dunia kwa jumla: Jumamosi moja ya mwaka 1958, baada ya sala ya alasiri, ulitendeka mtaani Majengo uhalifu mzito kuliko wowote uliowahi kufikishwa mbele ya polisi. Aliyedhuriwa alikuwa kuku. Hakufa. Alikuwa amelala.

Alikutwa na mwenyewe, Bwana Mahmud Zahoro, chali ndani ya tenga, miguu juu. Bwana Mahmud hakusikitika hata kidogo. Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Ili kumwelewa ni lazima kuijua kazi yake. Alianza redioni kwa kusoma matangazo ya vifo, akayasoma vizuri hata wafiwa wakamsifu. Kisha siku moja akatamka kwamba saa ya kiwanda fulani inacheleweshwa makusudi ili wafanyakazi wachelewe kutoka. Ikapimwa, ikaonekana ni kweli. Tangu hapo hakunyamaza tena. Akapewa kipindi chake, Siri za Mji, kila Jumamosi saa moja jioni, na watu wakawa wanakusanyika chini ya spika ya ukumbi wa mtaa kumsikiliza akieleza kwamba taa za barabarani zinahesabu wapita njia na kwamba honi ya treni ni simu ya siri.

Siri yake ya mwisho ilikuwa hii: maji ya bomba la Majengo yametiwa dawa ya usingizi, ili watu wasiwe na nguvu ya kudai chochote. Mkuu wake redioni akachoka. Akamwambia alete ushahidi Jumamosi, la sivyo arudi kwenye vifo.

Ndipo Bwana Mahmud akaweka kuku wawili barazani. Mweusi alinyweshwa maji ya mvua, mweupe maji ya bomba. Wote walilishwa mahindi. Na sasa mweupe alikuwa amelala.

Sajini Wehliye alifika saa kumi na moja. Hakuja kwa ajili ya kuku. Alikuja kwa sababu wanawake, waliposikia habari ya kuku, walikuwa wamemwaga ndoo zao na kushika njia ya mtoni, kwenye maji ambayo hata mbwa huyanusa kwanza. Alipokewa kwa kahawa na mpwa wa Bwana Mahmud, Kibibi, mwanafunzi wa bweni aliyekuja likizo, binti mpole, mwenye akili nyingi na sura ya kupendeza.

Sajini alichuchumaa mbele ya tenga. Bakuli la maji lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na Bwana Mahmud alikiri kwamba hakuliongeza tangu asubuhi. Sajini akalinyanyua, akanywa mafunda mawili, akangoja. Hakulala. Akafungua mdomo wa kuku, akanusa, akageuza uso. Chini, kati ya punje za mahindi, aliokota chembe nyekundu za nafaka ya wimbi zilizochacha.

"Machicha ya pombe ya busaa," akasema. "Kuku wako amelewa, Bwana Mahmud."

Kisha akauliza tenga limefungwa na nani. Bwana Mahmud alisema analifunga mwenyewe kila asubuhi kwa kamba ya katani. Sajini alilitazama lile fundo kwa muda mrefu. Lilikuwa bapa, safi, kama limepigwa pasi.

Majirani walikuwa na mtuhumiwa wao tayari: Mzee Jimale, anayeuza maji ya mkokoteni kutoka mtaa mwingine. Nani mwingine angefurahia watu waogope bomba? Mzee Jimale aliletwa akiwa bado ameloa.

"Nimeuza sana leo, sikatai," alisema. "Lakini huyu Mahmud kesho akisema mikokoteni inapeleka habari Uingereza, utakuja kunishika tena, Afande?"

Sajini alimpa karatasi ya sukari na kipande cha kamba, akamwomba amfungie kifurushi. Mzee Jimale alifunga kitu kinachofanana na utumbo. Akaruhusiwa kwenda.

"Basi anabaki mtu mmoja," Sajini akasema polepole. "Anayefaidika kuliko wote ni wewe, Bwana Mahmud."

Bwana Mahmud akakaa chini. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini sasa yalimtoka machache.

"Mimi hukosea, Afande. Kusema uongo, sijawahi."

Akapewa karatasi, akaifunga, ikabidi kisu kitafutwe kuifungua. Kibibi alikuwa amesimama na birika. Huenda ni huruma, huenda ni majivuno, maana shuleni alipewa beji kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Aliweka birika chini.

"Mjomba, unaiharibu. Lete hapa."

Akafunga. Fundo lilikuwa bapa, safi. Sajini akaliweka kando ya lile la tenga.

"Ni fundo la skauti," Kibibi akasema, ingawa hakuulizwa.

"Machicha uliyatoa wapi, binti?"

"Yanamwagwa kule nyuma karibu na mto. Hayana mwenyewe."

"Kwa nini?" Huyo alikuwa mjomba wake.

"Nilitaka kukucheka, Mjomba. Na nilitaka ushinde. Yote mawili."

Bwana Mahmud alimtazama kuku, akamtazama mpwa wake, akavaa koti na kuondoka kwenda redioni bila ushahidi wowote.

Saa moja spika ya ukumbi ilikohoa. Alisema maji ni salama na kwamba yeye mwenyewe anayanywa sasa hivi, na kweli tulisikia gilasi ikigonga meza. Alisema alidanganywa na mtu wa karibu, ambaye hatamtaja, na kwamba alidanganyika upesi kwa sababu alitamani iwe kweli. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza: kwa nini Majengo nzima ina bomba moja? Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mtangazaji mwingine akasema Siri za Mji itasikika tena Jumamosi ijayo.

Pembeni Bi Fowsiya, mmoja wa wale waliomwaga ndoo, alikuwa amembeba mtoto ambaye jioni ile alinyweshwa maji ya mto, na tumbo lilishaanza kumsokota. Aliuliza kila aliyesimama karibu naye: ni nani huyo wa karibu? Hakuna aliyejua. Sajini alijua, naye alikuwa akitazama juu kwenye spika. Bi Fowsiya akanifikia mimi.

Ningeweza kumwelekeza kwa yule Kibibi mpole, mwenye akili nyingi na sura ya kupendeza, halafu nikaondoka zangu.

"Ni mimi Kibibi, Bi Fowsiya," nikasema.

Hakunipiga. Alinikabidhi ndoo yake na kunionyesha bomba kwa kidole. Wanawake wengine nao wakaja, mmoja mmoja, wakaweka ndoo zao miguuni pangu.